Kata ya Kwanza

Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya misa, walikaa barazani kwetu Mapera wakaipanga Krismasi yetu bila kutuuliza. Zamu ilikuwa imetufikia. Katika ukoo wa mume wangu Damiano sikukuu huzunguka nyumba kwa nyumba, na mwaka huu watu arobaini wangekula na kunywa kwa Damiano.

"Mchele na nyama tutachanga," alisema Baba mkubwa Urbani, kaka wa marehemu baba mkwe wangu, ambaye tangu msiba ule ndiye mkubwa wa wote. "Watoto watakunywa soda. Bia, anayetaka aje na yake kwapani. Ila pombe ya ulezi ipikwe hapa hapa, mapipa mawili."

"Matatu," alisema Lidia, mama mkwe wangu. "Mwaka jana kwa Stephano iliisha jua likiwa utosini. Tulichekwa mpaka Matiri."

Nilimtazama Damiano. Alikuwa anachokonoa udongo kwenye soli ya kiatu kwa kijiti, kama mtu aliyepita njia akaomba kupumzika.

Hawakujua. Mwezi wa tisa, alipolazwa, Damiano hakuwa na taifodi kama tulivyowaambia. Daktari aliniita ndani nisikie na mimi. Ini, alisema. Kisha akanigeukia: "Mama, kwa huyu kikombe kimoja hakipo. Kipo cha kwanza, halafu kaburi."

Siku ile ile, kabla hatujapanda gari la kurudi nyumbani, Damiano aliniapisha kwa jina la mtoto wetu Dorothy kwamba sitamwambia mtu. Baba yake alikufa hivyo hivyo, tumbo limejaa maji. "Mama akijua atanizika kabla sijafa," alisema. "Na wale wengine watasema nimelogwa, au umenikataza wewe." Nikaapa. Nilidhani nampa zawadi. Nilikuwa najifungia mlango na ufunguo nampa yeye.

Jioni ya kikao, wageni walipoondoka, nilianza kutafuta pa kutokea.

"Sema una vidonda vya tumbo."

"Vitalis ana vidonda vya tumbo, na anakunywa navyo," alisema Damiano. Vitalis ni mdogo wa baba yake.

"Sema uko kwenye dawa."

"Dawa za nini, Mama Dorothy? Watauliza za nini."

"Basi wanywe wao, wewe ushike soda."

Alinitazama kama mgeni. Hapa milimani pombe haigawiwi mpaka mwenye nyumba anywe kata ya kwanza mbele ya watu. Kata ni kile kibuyu kilichopasuliwa chenye mkono mrefu. Akinywa, amewaambia haina sumu. Asipokunywa, hakuna atakayeigusa. Watu wataondoka mmoja mmoja bila kuaga, na nyumba itabaki na jina ambalo hata mtoto wako atachekwa nalo kisimani.

"Kata moja tu," alisema. "Halafu nitashika soda."

Niliisikia furaha ndani ya sauti yake. Ilikuwa ndogo, ya mtu aliyepewa ruhusa. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nilipokwenda Mbinga mjini kuagiza soda, Sumaiya mwenye duka alinikazia macho. "Aurelia, sikukuu yako hiyo, mbona uso wa matanga?"

"Nyinyi msiokunywa mnafanyaje sikukuu?"

"Tunakula mpaka tunashindwa kuinuka. Mlete ukoo wako kwangu Idi, niwashindilie pilau wasahau na majina yao." Akasogeza kreti kwa mguu. "Mwambie mama mkwe wako soda zichukue nafasi ya mapipa."

"Atanirudisha Lipingo."

"Si kuna samaki Lipingo? Mimi ningeondoka na mabegi."

Nilicheka kwa sababu ndicho alichotaka. Kwetu Lipingo, kule chini Ziwa Nyasa, mtu anaweza kuingia mtumbwini akapotelea kwenye maji saa nzima bila kuulizwa. Hapa kila mlima una nyumba, na kila nyumba inakuona.

Nilirudi nikamkuta Lidia ameshahamia jikoni kwangu. Alikuja na mkeka wake, na kimea cha ulezi alichokiotesha mwenyewe, akakikausha, akakisaga. "Sikutaka ununue cha sokoni," alisema. "Wewe Mnyasa mkono wako una baraka na pombe. Nimewaambia wote."

"Asante, mama."

Tulipika uji wa mahindi tarehe ishirini na moja, tukauacha upoe, tukatia kimea, tukafunika mapipa. Nilifikiri kuiharibu. Sabuni kidogo kwenye mwiko ingetosha. Lakini Lidia alilala ubavuni mwa mapipa yale kama mlinzi, na kila asubuhi aliweka sikio kwenye mfuniko kusikiliza yanavyochemka.

"Inasema," aliniambia siku ya tatu, akitabasamu. "Njoo usikie."

Niliinama nikasikia. Ilikuwa inasema kweli.

Mkesha wa Krismasi, Lidia alipokwenda kuungama, nilitwaa kimea kidogo nilichokuwa nimekificha kwenye kopo la chumvi. Nikapika togwa isiyolevya, chungu kimoja. "Ya Dorothy," nilimwambia aliporudi. Togwa ya jana na pombe ya siku ya nne ni ndugu wa tumbo moja: rangi ile ile, uzito ule ule. Kinachokosekana ni ukali na povu. Povu ningelileta kwa upekecho. Damiano sikumwambia. Niliona furaha yake. Sikuwa na hakika angeniunga mkono.

Siku yenyewe mvua ilikatika baada ya misa. Mabenchi yalipangwa uani, wanaume mbele, wanawake nyuma karibu na jiko. Baba mkubwa Urbani akakohoa. "Mama Dorothy, tunasubiri."

Nikapekecha togwa, nikaitia kwenye kata, nikaifunika sahani, nikatoka. Nilipiga magoti mbele ya mume wangu. Aliipokea kwa mikono miwili.

Akanywa. Nikaona macho yake yakisimama. Akanitazama juu ya ukingo wa kata, akajua.

Nilikuwa nasubiri amalize. Kwetu Lipingo kata ya kwanza humalizwa hadi chini. Miaka minne ya ndoa, sikukuu zote nilikuwa nyuma ya nyumba na masufuria, nikisikia tu vigelegele. Sikuwahi kuona kinachofanyika mbele. Mwenye nyumba hunywa nusu. Nusu humpa mkubwa wa ukoo, naye ndiye humaliza.

Mkono wa Baba mkubwa ulikuwa umeshanyooshwa.

Damiano aliutazama ule mkono. Akanitazama mimi. Kisha akarudisha kichwa nyuma akaimaliza yote.

"Kiu ya taifodi hiyo," alisema Vitalis, na mabenchi yakacheka.

Lidia hakucheka. "Damiano. Umemnyima baba yako."

"Mwacheni," alisema Baba mkubwa, mkono wake bado hewani. "Mtu akiumwa husahau. Leteni pipa hapa. Atachota mwenyewe, tuanze upya."

Wanaume wawili wakalibeba pipa la kwanza wakalitua katikati ya ua. Wakafunua. Harufu ikanifikia pale chini nilipopiga magoti, chachu na joto. Lidia alikuwa amesema kweli kuhusu mkono wangu. Damiano akachovya kata, akaiinua, povu likimwagika pembeni. Hakuwa ananitazama tena. Hakuwa anamtazama mtu. Alikuwa anaitazama kata.

Nilikuwa nimeapa kwa jina la mwanangu.

Nikasimama.

"Kwetu Lipingo," nilisema, "anayeanza ni aliyepika. Kama kuna sumu, ni ya mkono wake."

Nikaishika kata. Damiano hakuiachia. Alivuta. Mbele ya ukoo wake wote tulivutana, mimi na mume wangu, na pombe ikanimwagikia kitenge. Kisha vidole vyake vikalegea. Nikanywa nusu, nikaigeuza kwa mikono miwili kumpa Baba mkubwa.

Mtu mmoja nyuma alisonya.

"Mwanangu kanyang'anywa kata nyumbani kwake," alisema Lidia.

Baba mkubwa hakuipokea. "Damiano. Mwanamke huyu amesimama mbele yako. Nimwambie akae, au ninyamaze nisikilize?"

Mikono yangu ilianza kuchoka. Damiano alikuwa ameuelekeza uso wake kwenye viatu vyake, kama siku ile ya kikao.

"Ini," alisema. "Kama la baba."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tisa. Nilimwapisha asiseme."

Lidia aliziba mdomo kwa kanga. Kisha akasema, bila kumwambia yeyote, "Na kimea nimekileta mimi."

Baba mkubwa alinitazama, halafu akaitazama kata. Akaipokea. Akanywa iliyobaki polepole, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Imeiva," alisema. Kisha akanirudishia kata. "Na ile aliyoimaliza peke yake, ambayo haikuwa hii, mwongezee mwenye nyumba. Mpe kwa kata hii hii, watu waone anakunywa."

Basi wakaanza kunywa. Vitalis alisema pombe iliyotanguliwa na mwanamke huchafua tumbo, akakaa nayo mbali kwa muda usiozidi rozari moja. Wanawake hawakunisemesha. Nikaleta togwa, nikamkabidhi Damiano, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia nirudi jikoni, nikakaa pembeni yake kwenye benchi la wanaume.

Mwenye nyumba hatoki mpaka mgeni wa mwisho ameondoka. Hilo nilikuwa nalijua. Pipa lilikuwa hatua tatu kutoka magotini mwake. Kila aliyechota alipita mbele yake, na kila ilipopita kata aliacha kupumua mpaka imeondoka. Nikaushika mkono wake chini ya benchi.

Jua lilikuwa bado juu. Mapipa yalikuwa matatu, na lilikuwa limefunguliwa moja.