Kitabu Hakina Hatia

Tangu Anatoli augue, mama yake, Eustakia, alikuwa na hofu moja tu: kwamba ugonjwa ule, baada ya kaka, ungemfuata na dada.

Anatoli alikuwa na miaka kumi na tisa, kidato cha tano, alipoanza kusikia watu wakimsema kutoka ndani ya ukuta wa bweni. Alirudishwa nyumbani Ngara amevaa kiatu kimoja. Kijiji kikatoa hukumu kabla hata hajafikishwa hospitali: kusoma sana kumempasua kichwa. Watu ambao hawajafungua daftari tangu darasa la saba ndio walioongea zaidi, na Eustakia, maskini, akawaamini.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Keza, kitinda mimba wake, alikuwa kidato cha pili, na kila muhula anashika namba moja. Likizo ilipofika, Eustakia alimpeleka Nyakanazi kwa mama yake mdogo, Esperansia, akawauzie madereva wa malori chai na chapati.

"Kaka yako anaumwa, mwanangu," alimwambia. "Shule basi."

Keza hakubisha. Ila hakukanyaga tena nyumbani.

Miaka ya Keza mama aliihesabu roho ikiwa mkononi. Alipotimiza kumi na tisa, Eustakia alifunga safari akakaa Nyakanazi wiki nzima, akimchunguza anavyosukuma chapati, anavyotaniana na wateja, kama kuna siku anajibu mtu asiyeonekana. Hakuona kitu. Ikapita ishirini, ikapita ishirini na tano, na mama akawa anajipongeza moyoni kwamba alimwokoa mtoto.

Mwaka wa kumi na mbili wa ugonjwa, mama na Anatoli walipokwenda hospitali kuchukua dawa, walimkuta daktari mpya, Recho, mwenye subira ya kusikiliza. Eustakia akamsimulia yote, tena kwa majivuno kidogo.

"Mama, kila ugonjwa una umri wake wa kubisha hodi," alisema Recho. "Degedege huwapata watoto wadogo. Mikono kutetemeka, mara nyingi hungoja uzee. Huu wa Anatoli huwapenda vijana, awe anasoma au anachunga mbuzi. Wanawake wengine huwajia wamechelewa kidogo, na ndugu wengi wa mgonjwa hauwapati kabisa. Kitabu hakina hatia."

"Kwa hiyo Keza angeendelea na shule?"

"Angeendelea tu. Kama ni wa kuugua, angeugua hata huko kwenye chapati."

Eustakia hakulia pale. Alilia ndani ya basi la Nyakanazi, mbele za watu, amemshika Anatoli mkono.

Walimkuta Keza kibandani. Alikuwa na kipande cha gazeti la kufungia chapati, anakisoma kwanza mpaka mwisho, mteja anangoja. Alivyowaona, alikiweka chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Keza hakumtazama kaka yake. Eustakia hakusubiri hata kukaribishwa kiti. Alisema yote amesimama, maneno ya kijiji, hofu yake, na ya daktari. Akamwomba msamaha.

Keza alimsikiliza huku chapati inaungua kikaangoni.

"Miaka kumi na miwili namchukia kaka," alisema. "Nilijua ndiye aliyekula shule yangu, kwamba mmeniacha mimi ili mumuuguze yeye. Kumbe ni wewe, mama."

Eustakia aliipua ile chapati iliyoungua.

Anatoli alikuwa anamtazama dada yake, anatabasamu. Kwake yeye miaka ilisimama kule bwenini. Ni yeye aliyekuwa anamfundisha Keza hesabu kila likizo, kwa mkaa, kwenye mlango wa jikoni.

"Keza," aliuliza, "sasa hivi uko kidato cha ngapi?"

Keza alijifuta mikono kwenye kanga. Akavuta stuli, akamkalisha kaka yake, naye akachuchumaa mbele yake.

"Cha pili, kaka," alisema. "Bado niko cha pili."