Namba Isiyofunikwa

Saa moja asubuhi, katika karakana ya jeshi la Wajerumani nje ya mji wa Derna, ukingoni mwa jangwa, Wendelin Hasske alizimua rangi ya mchanga kwa petroli, maana rangi ilikuwa adimu, akaanza kupaka kifaru namba 413. Kila brashi ilipopita, chuma cha kijivu kilichotoka Ujerumani kilitoweka. Kufikia saa nne kifaru kizima hakikuonekana tena. Mikono ya Wendelin mwenyewe ilikuwa imetoweka tangu Jumatatu, mpaka viwikoni, naye alishazoea kutafuta mifuko yake kwa kupapasa.

Hewani ulibaki msalaba mweusi na tarakimu tatu nyekundu, vyote vimezungukwa na ukanda mwembamba wa kijivu. Amri ilikuwa kwamba alama haziguswi. Wendelin, aliyekuwa akipaka nyumba za watu huko Kassel, alizizunguka kwa mstari ulionyooka kabisa.

Dereva wa 413 alikuwa mdogo wake, Alwin.

"Kaka, umeniweza," Alwin alisema kutoka ndani, akitafuna mkate. "Nusu saa nzima natafuta mlango wa kuingilia!"

Wendelin hakucheka. Wiki ile vifaru sita vilikwenda mbele, na vyote sita vilipigwa palepale penye namba. Alimfuata Sajini Pfannkuch, aliyekuwa akinyoa ndevu.

"Afande, niruhusu nifunike na namba. Waingereza wanalenga hapohapo."

"Ukifunika namba, nitajuaje nani hajarudi?"

"Watarudi, afande."

"Hasske, usinitie matatani. Alama haziguswi."

Mchana Wendelin alisimama mbele ya 413 na brashi iliyolowa rangi. Hakuna aliyekuwa akimtazama, na hata angetazamwa, mkono wake usingeonekana. Aliona ukingo wa ile nne umepinda kidogo. Aliunyoosha, akaenda zake.

Alhamisi 413 haikurudi, wala Alwin. Moto ulibambua rangi yote ya mchanga, ukaacha namba, na kifaru kikaonekana kutoka mbali sana, cha kijivu kama siku kilipoteremshwa melini. Sajini alijua mara moja ni kipi. Wendelin aliona haya, akaiacha supu yake.

Jumapili kilifika kifaru kipya, kikapewa namba ileile. Wendelin alifungua kopo kwa mikono asiyoiona, akaanza kuizunguka 413, polepole, asije akaigusa.