Muke Mudogo wa Nicodème

Nicodème aliinunua ile motokari kwa mzungu mmoja wa reli aliyekuwa amekwisha kufunga masanduku yake kurudi kwao. Wazungu wenzake hawakuitaka. Ilikuwa motokari ya mbio, ya zamani, ya watu wawili tu, wazi juu, kijani kilichopauka kama kisamvu kilichoanikwa juani. Kapo, kile kifuniko cha injini, kilifungwa kwa mkanda wa ngozi wenye bizimu ya shaba, sawasawa na mkanda wa suruali. Nicodème alikuwa karani wa mizigo kwenye stesheni ya Kamina, na miaka ile mtu mweusi akipita na motokari yake mwenyewe, wanawake walitua ndoo wamtazame.

Mimi nilikuwa mke wake. Mtoto hatukuwa naye. Jumamosi akitoka kazini yeye aliingia chini ya motokari, mimi nikabaki juu. Nilisafisha magurudumu, yale ya nyaya nyembamba kama ya baisikeli, waya kwa waya, kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Nilisugua buji, zile plagi za injini, kwa msasa mpaka ncha zing'ae. Radiatere, tangi la maji ya kupoza injini, ilipovuja tulitia kijiko cha unga wa muhogo ndani ya maji yake, tundu likajiziba, na lilipofunguka tulitia tena. Viti vya ngozi tulivipaka mawese mara moja tu, kwani kesho yake chungu walikuwa wamevijaa hata chini ya usukani. Toka hapo tukatumia mafuta ya ng'ombe. Turubai la juu nililishona juu ya mshono, mpaka sikujua tena kitambaa cha mwanzo kilikuwa kipi.

Kitu kimoja hakikuvumilia maji hata kidogo: magneto, kile chombo cheusi kinachotoa cheche ya kuwasha injini. Mvua ikianza tu, Nicodème alikimbia na koti lake la kanisani kwenda kuifunika, nguo zangu zikiwa bado kambani.

"Muke mudogo ataloa!" alipiga kelele.

"Na muke mukubwa je?"

"Weye uko na miguu. Kimbia."

Jina likashika. Majirani nao wakawa wanauliza, "Muke mudogo alilala namna gani?" Naye anajibu, "Alikohoa kidogo, lakini sasa iko muzima."

Nicodème alikufa katikati ya majira ya mvua, kwa homa. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Niliona pumzi yake imekoma, nikaona pia kifungo cha pijama yake kimelegea, nikafikiri, hiki nitakishona. Hilo tu ndilo nililofikiri.

Familia yake walishuka na treni kutoka upande wa Bukama, wakaja kukaa matanga kwenye uwanja wetu. Mkubwa wao alikuwa Tata Kazadi, kaka wa baba yake Nicodème. Pamoja naye alikuja Umba, mdogo wake Nicodème, mchuuzi wa samaki wakavu, kijana wa sauti kubwa na viatu vilivyopigwa rangi. Waliniketisha chini juu ya mkeka, wakanivua viatu. Mjane haogi, hashiki kazi, hatoki uwanjani mpaka siku ya kumaliza matanga. Wanawake walilia wakanitazama kama nami nalia. Machozi hayakuja. Nilitazama ukuta, mahali chokaa ilipobanduka.

Kwa desturi ya familia ile, siku ya mwisho mjane anapewa kikombe cha munkoyo, kile kinywaji cha mahindi. Akimpa mwanamume wa ukoo kikombe hicho, huyo anamrithi, yeye na nyumba yote, na vitu havigawanywi. Akikiweka chini, amekataa. Basi anarudi kwa wazazi wake mikono mitupu, na vitu vya marehemu vinagawanywa, kila mtu na chake.

Umba alitaka motokari. Hakuficha. Aliingia ndani yake na viatu vyake, akapiga honi, akarudi kuniambia, "Shemeji, mi sina neno na weye. Utanipa kikombe, tutakaa muzuri, na motokari itabaki nzima." Wengine nao walikuwa wamekwisha kuchagua, kama nitakataa. Binamu mmoja alitaka magurudumu, ayatie kwenye mkokoteni wake wa muhogo. Mwingine alitaka viti viwili vya sebule. Shangazi alipima turubai kwa mkono wake, akasema litamtosha kuanikia samaki.

Niliwasikia. Umba sikumtaka. Lakini nilipofikiri juu ya ile motokari imefunguliwa vipande, nilisema moyoni, basi nitampa kikombe. Ilikuwa rahisi. Kunyoosha mkono tu.

Kabla ya siku ya kikombe ilinyesha mvua kubwa. Nilisimama kutoka kwenye mkeka, nikaenda mlangoni. Umba alikuwa amekaa hapo.

"Unaenda wapi, shemeji? Mufiwa hatoki."

"Magneto inaloa."

"Acha iloe."

"Ikiloa haitawaka. Nipe hata gunia nifunike."

"Shemeji, kaa chini!" Akageukia wazee, apate kusikiwa. "Njo vile Nicodème alikuwa anaiita, muke yake, hapana? Basi nayo iko mufiwa. Kama huyu haoge, ile nayo haifunikwe."

Wazee waliitikia kwa vichwa. Waliona ni heshima. Shangazi alitoka na utepe wa kitambaa cheusi, akaufunga kwenye taa moja ya mbele, akarudi amelowa. Mimi nilikaa. Mvua ilipiga bati la nyumba, halafu ikapiga kapo, na sauti ya kapo ilikuwa nzito zaidi. Sikuona uchungu. Nilisikiliza tu, hii bati, hii kapo, mpaka mvua ikakatika.

Siku ya kumaliza matanga, asubuhi, akaja Kyabu. Huyu Kyabu alikuwa binamu wa utani wa Nicodème, mama mnene wa kijijini. Matangani mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na hakuna wa kukasirika. Alikuwa amevaa kofia ya kazi ya Nicodème, nyuma mbele, na kalamu sikioni.

"Mizigo iko wapi?" akasema kwa sauti ya karani. "Hii maiti ilikosa kulipa tikiti!"

Watu wakacheka, wengine wakiwa bado wanalia. Akanikaribia, akanishika kidevu.

"Na huyu muke mukubwa, uso kama bukari ya jana, ugali ya baridi. Hakuzala. Tukasema, haina neno, bwana alioa mudogo. Mudogo naye akazala nini? Moshi!"

Hata Tata Kazadi alicheka. Kisha akaleta kikombe mwenyewe, akakiweka mikononi mwangu. Umba alikuwa amesimama mbele yangu, shati jeupe, mkono tayari. Nilikiona kikombe. Ukingoni kulikuwa na punje ya hindi. Nikaanza kukiinua.

"Ngoja!" Kyabu akapaza sauti. "Tata, hapa iko bajane babili. Munauliza mumoja tu?"

"Kyabu, acha mambo," Umba akasema.

"Mi niache? Nani alikataza ile isifunikwe? Nani alifungia ile kitambaa ya kilio? Si ninyi? Basi nayo iulizwe. Inataka nani?"

Watu walipiga makofi. Kyabu akanipokonya kikombe, akaenda kukiweka juu ya kapo. Umba naye alikuwa anacheka sasa. Aliona ni mchezo mzuri, na yeye ndiye atakayeushinda. Akavua saa, akachukua manivela, ule mtaimbo wa kuzungushia injini, akauchomeka mbele.

Akazungusha. Injini ikakoroma, ikanyamaza.

Akazungusha tena kwa nguvu zote, kikombe kikatetemeka, munkoyo ukamwagika kidogo. Kimya.

"Eee, Umba!" Kyabu akasema. "Mwanamuke hashikwe hivyo! Mubembeleze!"

Umba alizungusha mpaka shati likamganda mgongoni. Yule wa magurudumu akajaribu. Yule wa viti naye akajaribu, akateleza kwenye matope akakaa chini, na vicheko vikafika hadi barabarani. Mimi nilijua kwa nini haiwaki. Maji yalikuwa ndani ya magneto toka ile mvua. Hakuna aliyeniuliza.

"Basi," Kyabu akasema. "Amekataa."

"Amekataa nini?" Umba alitupa manivela. "Hii iko chuma!"

"Leo iko chuma? Siku ya mvua ilikuwa mufiwa!"

Umba akamtazama Tata Kazadi. Mzee alikuwa hacheki tena. Alizunguka motokari polepole, akagusa ule utepe mweusi kwa kidole.

"Umba," akasema, "hii neno ilitoka mu kinywa yako, na shiye wote tukaitika. Muke hagawanywe. Hatukate muke mukono, tukamupa huyu, muguu tukamupa huyu. Ile ilikataa. Inarudi kwao."

"Kwao wapi? Muzungu alishakwenda Ulaya!"

"Muke mudogo anafuata muke mukubwa," Kyabu akasema, na safari hii hakuchekesha mtu. Akachukua kikombe kutoka kwenye kapo, akakirudisha mikononi mwangu. "Na weye, mukubwa? Sema."

Watu wote walinitazama. Nikainama nikakiweka kikombe chini, kando ya mguu wangu, taratibu kisimwagike. Umba akatema mate, akaenda kuchukua saa yake.

Kaka yangu Isaïe alikuja jioni hiyo na rafiki zake wa kwaya kunichukua. Sikuwa na cha kubeba. Sufuria, kitanda na cherehani vilikuwa vimeshikwa na ndugu za marehemu. Nilifungua ule utepe nikauacha juu ya jiwe. Niliingia motokarini, sikuwa na viatu, nikakaa mahali pa Nicodème kwa mara ya kwanza. Kiti kilikuwa kimelowa, maji yakapenya nguo yangu ya kilio. Wakaanza kusukuma kuelekea kwa mama, upande wa misheni.

Barabara ilikuwa matope. Watoto walitufuata wakipiga honi kwa midomo yao. Isaïe alikuwa anasukuma kwenye mlango, karibu na bega langu, anahema.

"Dada, unalia?"

"Hapana. Sukani iko nzito."

"Utaitengeneza?"

"Lazima kwanza ikauke."

"Basi kata kushoto. Iko shimo."

Nikakata kushoto.