Wakazi wa Ua la Mnazi

Mume wangu Damiani ni mgema, na mwaka ule wa kampeni ya Mtu ni Afya alinitia hasira ambayo nikiikumbuka leo nacheka. Hamira ilikuwa imeadimika katika duka la kijiji chetu cha ujamaa, kwa hiyo mikate yangu niliiumua kwa tembo alilogema kwenye ua la mnazi. Basi redio ikasema maji ya kunywa yachemshwe. Damiani, kwa kunipenda, akachemsha hata tembo.

Nikakanda unga, nikangoja mpaka jua likapanda. Haukuumuka hata kidogo.

"Baba Rosalia, umewaua!"

"Nani tena?"

"Hao wadogo wasioonekana, wanaoishi kwenye ua la mnazi! Mama alinifundisha kuwa ndio wanaoumua unga. Ulidhani ni mimi?"

Aliula mkate ule mgumu wote, akasema mtamu, mwongo yule. Kisha akapanda mnazi. Aliposhuka alikuwa amekikumbatia kibuyu kifuani kama mtoto mchanga, povu linamwagika mdomoni mwa kibuyu.

"Mama Rosalia, watu wako hawa. Wote hawajambo, wanakusalimu."