Breki ya Pili

"Pandisha miguu," mke wangu aliniambia. "Yote miwili. Juu ya kiti."

Injini ilikuwa inanguruma, geti liko wazi, na mimi, mwalimu wa udereva wa miaka mingi, mtu mzima na kitambi changu, nikavua viatu nikakunja miguu kwenye kiti cha abiria kama niliyekaribishwa mkekani.

Gari lilikuwa la shule yangu. Upande wa mwalimu lina breki ya pili, ili mwanafunzi akichanganyikiwa, mwalimu aokoe roho za watu. Breki hiyo ndiyo iliyotugombanisha. Nilimfundisha mwenyewe kuendesha, akapata leseni, lakini kila tukitoka pamoja mguu wangu ulikuwa unakwenda wenyewe. Gari linasimama ghafla, yeye ananigeukia. "Sasa anayeendesha nani, mimi au wewe?" Mwisho akaacha kabisa kushika usukani nikiwa ndani.

Mpaka asubuhi hiyo. Hospitali kubwa ilikuwa mbali, ng'ambo ya milima, na walikuwa wanamsubiri wamtoe uvimbe kwenye titi. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti cha dereva alipofungua mlango wangu.

"Shuka, Mwalimu. Nikifika huko watanivua nguo, watanilaza, watanichana nikiwa sijui hili wala lile. Hii safari niachie mimi."

Nikashuka. Nikazunguka upande wa pili, na hapo ndipo aliponiamuru nipandishe miguu.

Kabla ya kuondoa gari akafumba macho. Alikuwa na mtindo wake, tangu tulipompeleka kifungua mimba wetu kwa wazazi wangu: hakuwa anaomba tufike. Alikuwa anashukuru kwamba tumefika, na gari bado liko uani. "Asante kwa kutufikisha salama." Miaka yote nilimtania kwamba anamsifu fundi kabla hajaiona kazi, na mafundi tunawajua. Siku hiyo nilifunga mkanda tu.

Milimani lori la mbao likatufikia ubavuni. Dereva wake akasoma kibao cha MWANAFUNZI juu ya paa letu, akamwangalia mama wa makamo kwenye usukani, kisha mimi na soksi zangu kitini.

"Mzee," akaniita, "ndiyo umefeli hivyo?"

Mke wangu akacheka mpaka akafuta macho. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu daktari alipomshika bega akamwambia habari za ule uvimbe.

Mteremkoni, kwenye kona, basi likatokea upande wetu likilipita gari jingine. Vidole vyangu vya miguu vikajikunja. Nikayakumbatia magoti kwa mikono yote miwili, maana mguu wa kulia ulikuwa unashuka. Yeye akapunguza gia, akasogea pembeni, magurudumu yakatafuna changarawe, na basi likapita likatuachia vumbi.

"Umeona?" akauliza baadaye kidogo.

"Sijaona kitu. Nilifumba macho."

"Basi," akasema, "umeanza kujifunza."

Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji nesi alinizuia kwa upole. "Baba, wewe mwisho wako hapa." Nikakaa kwenye benchi. Muda ulikwenda, sijui kiasi gani, ndipo nikagundua mguu wangu wa kulia umekandamiza sakafu, paja zima limekakamaa. Nikauinua. Ukarudi. Nikavua viatu nikapandisha miguu juu ya benchi, watu waseme watakavyo. Nikajaribu yale maneno yake. Hayakutoka. Nilichoweza ni tafadhali, tafadhali, kama mtoto anayenyang'anywa kitu.

Majibu ya kipimo cha ule uvimbe yalipokuja yalidai dawa kali na safari nyingine nyingi juu ya barabara ile ile. Zipo alizoendesha yeye, zipo alizolala kiti cha nyuma na ndoo kando yake. Lakini inayonirudia ni ile ya kwanza ya kurudi nyumbani, tulipokuwa bado hatujui lolote.

Kifua chake kilikuwa kimefungwa bandeji, mkono hauinuki, kwa hiyo kiti cha mwalimu kikawa chake. Nikawasha gari. Nikangoja. Hakufumba macho. Alikuwa anaangalia tu ukuta wa hospitali mbele yetu.

"Mama, kuna kitu umesahau."

"Sijasahau," akasema. "Leo sina. Sema wewe."

Nikakohoa. Nikatafuta utani mahali ninapouwekaga siku zote, hapakuwa na kitu. Nikashika usukani kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Asante kwa kutufikisha," nikasema, na sauti ikaishia hapo. Neno la mwisho likabaki ndani.

Hakuitikia amina. Nilisikia viatu vyake vikianguka chini, kimoja, kisha kingine. Taratibu, kwa maumivu, akapandisha miguu yake kwenye kiti, mmoja baada ya mwingine, mbali na ile breki, akaegemeza kichwa dirishani.

Nikaondoa gari.