Mtaalamu kutoka Nje

Pakiti ya maziwa ilivuja kona ya kushoto, kama kawaida yake. Mwenye duka aliipangusa kwa kitambaa, akaipindua kichwa chini miguu juu, akamkabidhi mteja wake huku akicheka.

"Chukua hii, Ng'ambo. Inavuja kidogo tu."

"Zote zinavuja kidogo tu. Na zote kona hiyohiyo. Hujawahi kujiuliza kwa nini?"

"Mimi nauza maziwa, kaka. Maswali peleka kiwandani."

Jina hilo la Ng'ambo walimbandika watu wa mtaani wiki ileile aliyorudi, na hakuna aliyemuuliza kama analitaka. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye makovu madogo ya kuungua kwenye vidole. Miaka tisa alikaa nchi za watu katika kiwanda cha juisi, akihudumia mashine za kujaza na kufunga pakiti. Alianza kwa kufagia chini yake, akaondoka akiwa fundi mkuu wa zamu. Mashine ya kiwanda cha maziwa cha mji wake ilikuwa ndugu toka nitoke na zile alizoziacha kule. Hakuwahi kuiona kwa macho, lakini aliijua kwa mshono wake, kama fundi cherehani anavyoijua kazi ya mwenzake kwa kutazama pindo. Kona ya kushoto ikivuja, maana yake zile taya mbili za chuma zinazobana na kuchoma mdomo wa pakiti zimepishana: upande mmoja unabana, wa pili unagusa tu. Ni kazi ya nusu siku. Nusu siku, jamani, na mji mzima ulikuwa mwaka wa pili unapangusa meza!

Alirudi kwa sababu ya binti yake. Mama wa mtoto alifariki mtoto akiwa na miaka miwili. Mwaka uliofuata baba alimwacha kwa dada yake, akasema anakwenda mwaka mmoja tu. Mwaka ukazaa mwaka. Aliporudi alimkuta msichana wa miaka kumi na miwili, anayemwita "baba" kwa adabu ileile anayomwitia mwalimu wake. Siku ya tatu, sanduku lake la magurudumu likatoweka chini ya kitanda. Alilikuta chumbani kwa binti, limejaa madaftari, sare za shule, viatu vilivyokwisha kumbana zamani, na mdoli asiye na mkono.

"Sina kabati," binti alisema.

Kabati alikuwa nalo. Wote wawili waligeuka wakalitazama.

"Siondoki tena," baba akamwambia. "Nitapata kazi hapahapa."

Ahadi ni deni. Aliikumbuka kila asubuhi alipovaa shati lake zuri, akatia kwapani bahasha ya vyeti, akatoka.

Miezi minne alipigwa danadana. Kiwanda cha sabuni kilisema atadai mshahara mkubwa, kabla hajafungua kinywa kutaja wowote. Kiwanda cha chupa kilitaka cheti chake kitafsiriwe. Kilipotafsiriwa wakasema tafsiri haina muhuri. Kilipopata muhuri, nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na shemeji wa mtu. Mwenye karakana moja ya majokofu alimtazama toka utosini hadi kwenye viatu, akamsogelea kama anayetaka kumkopesha siri. "Sema tu, sisi ni watu wazima. Walikufukuza, eti?" Kwa akili za watu, hakuna mtu timamu anayerudi kwa hiari yake. Ukikaa huko, umewasahau wenzako. Ukirudi, kuna uliloharibu.

Dada yake, ambaye alishona nguo barazani na kulisha nyumba nzima kwa cherehani moja, alijaribu kumtia moyo. "Vumilia. Mcheza kwao hutunzwa."

"Mimi sijafika hata uwanjani, dada. Nipo mlangoni naulizwa nani kanialika."

Dada alicheka, lakini mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani. Hilo nalo lilimuuma. Mwanamume mzima, fundi, anakula jasho la dada yake huku ujuzi wake umekaa kabatini.

Hatimaye kiwanda cha maziwa chenyewe kikamwita. Alifika saa moja kabla ya wakati. Korido ilinuka maziwa yaliyochacha, na sakafu ilikuwa inateleza. Nyuma ya ukuta mashine ilikuwa inapiga mdundo wake, na kila baada ya midundo sita ilikwaruza. Ng'ambo alijikuta anakunja uso kila ikikwaruza, kama mzazi anayesikia mtoto wake anakohoa.

Waliomhoji walikuwa wawili. Mmoja alikuwa meneja, mtu mnene aliyekuwa akitazama simu yake zaidi ya alivyomtazama mgeni. Wa pili alikuwa afisa utumishi, mama wa makamo aliyezungukwa na mafaili pande zote, na wafanyakazi wote walimwita Bi Faili, hata mbele yake.

"Uzoefu wako wa ndani ya nchi ni miaka mingapi?" aliuliza Bi Faili.

"Wa ndani sina. Wa mashine hii ninao, miaka tisa."

"Mashine hii iko ndani ya nchi."

"Mashine haijui iko wapi, mama."

Bi Faili hakucheka. "Fomu ina sehemu ya uzoefu wa ndani. Nikiandika sifuri, kompyuta inakutoa yenyewe. Si mimi."

"Na wadhamini wawili waliokuona ukifanya kazi?" meneja aliuliza bila kuinua macho.

"Walioniona wako kule. Nina barua zao."

"Barua za huko tutazipimaje?"

Hapo uvumilivu ukamwishia. Alitia mkono kwenye mfuko aliokuja nao, akatoa pakiti ya maziwa aliyoinunua asubuhi, akaiweka mezani mbele yao. "Nipimeni kwa hii. Nisikilizeni dakika tano, niwaambie inaumwa nini na inatibiwaje."

Dakika tano hazikufika. Maziwa yalitiririka toka kona ya kushoto, yakavuka meza, yakaingia kwenye mafaili. Bi Faili akaruka. Meneja akaona ametukanwa ndani ya ofisi yake. Ng'ambo alisaidia kupangusa kwa leso yake mwenyewe, akaambiwa ile sentensi anayoijua kila mtafuta kazi duniani: tutakupigia.

Hawakupiga. Aliyepiga, baada ya wiki mbili, ni wakala wa ajira aliyempeleka ng'ambo mara ya kwanza, mtu wa kwao aliyehamia huko siku nyingi.

"Kaa chini kwanza," wakala alisema. "Kuna kazi imeletwa mezani kwangu jana, mashine zako zilezile. Kiwanda cha maziwa. Wanataka mtaalamu kutoka nje. Nyumba, gari, dereva, kila kitu juu yao."

"Wapi?"

Wakala akautaja mji. Ng'ambo akainuka, akasogea dirishani.

"Bomba la moshi la kiwanda hicho ninalitazama sasa hivi," alisema polepole. "Niko hapa. Walinihoji wenyewe."

"Ukiwa hapo huhesabiki. Mkataba unasainiwa huku, afya inapimwa huku, tiketi inakatwa kutoka huku. Kibali chako cha kuishi bado hakijaisha. Njoo wiki tatu, unageuza."

"Yaani nipande ndege niende, ili nipande ndege nirudi nilipo?"

"Ndugu yangu, si mimi niliyepanga."

Alikwenda kiwandani kwa miguu, karibu anakimbia, akaingia kwa Bi Faili bila kubisha hodi, akamweleza yote. Alitegemea atashtuka. Bi Faili hakushtuka. Alifunga mlango, akashusha sauti.

"Fungu la fedha za ajira za ndani na fungu la wataalamu wa nje ni mafungu mawili. La ndani limefungwa toka mwaka jana. La nje lipo, na lisipotumika wakubwa wanalichukua." Akavua miwani. "Mimi mwenyewe maziwa yameniharibia mkoba. Najua unaweza. Lakini nikikuajiri kutoka kwenye benchi lile pale nje, wakaguzi watauliza mtaalamu wa nje anaishije mtaa wa nyuma ya kiwanda. Nenda, kaka yangu. Ukitua nitakuja kukupokea mimi mwenyewe."

Siku mbili alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kukataa ni kurudi kwa mwenye karakana na swali lake la kufukuzwa. Kukubali ni kuvunja neno. Mwishowe dada yake akamwambia ukweli: cherehani ilikuwa imechoka na yeye pia amechoka, na wiki tatu si miaka tisa.

Binti alikuwa ameketi juu ya lile sanduku alipoambiwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wiki tatu tu," baba alisema. "Halafu nakuwa na kazi hapahapa. Asubuhi naenda, jioni narudi."

"Mara ya kwanza ulisema mwaka mmoja."

Hakulia. Ila hakunyanyuka pale juu ya sanduku, na baba hakuthubutu kumwambia anyanyuke. Alisafiri na mfuko wa sokoni wa dada yake.

Wiki tatu zikawa kumi na moja. Daktari wa vipimo alikuwa likizo. Mkataba ulikwenda ukakosa sahihi, ukaenda tena ukakosa ukurasa. Ng'ambo alipanga kitanda katika chumba cha watu wanne, akasubiri ruhusa ya kwenda kufanya kazi mtaani kwao. Kila Jumapili alipiga simu. Mwanzoni binti alimuuliza, "Umeshasaini?" Baadaye akawa anauliza, "Hujambo?" Jumapili ya tisa alijibu, akasalimu, akasema, "Shangazi huyu hapa, ongea naye."

Siku ya kutua, Bi Faili alisimama kweli pale wanapotokea abiria, ameshika karatasi yenye neno MTAALAMU. Kando yake alisimama meneja, ametabasamu mpaka magego yanaonekana. Alimshika Ng'ambo mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Karibu sana nchini kwetu," alisema, neno moja moja, kwa sauti ya kumsemesha mtu asiyesikia vizuri. "Utapapenda."

"Ahsante. Napajua kidogo."

"Aa! Unaongea vizuri kabisa! Umejifunza wapi?"

Ng'ambo alimtazama usoni akitafuta mzaha. Haukuwepo. Mtu yule hakumkumbuka hata chembe. Siku ile alikuwa akitazama simu. Bi Faili aliinamisha kichwa akavikagua viatu vyake. Hasira ilimpanda Ng'ambo mpaka masikio yakawa ya moto, lakini aliitia mfukoni. Alikuwa ameshalipia kazi ile kwa wiki kumi na moja, na asingeitupa uwanja wa ndege.

"Nipelekeni kwenye mashine," alisema.

Alivua koti, akaomba spana, akalala chini ya mashine. Taya zilikuwa zimepishana kama alivyojua, tena kwa upana usiofika unene wa kucha. Kabla ya saa sita mchana pakiti ya kwanza ilitoka kavu, ikafuatwa na ya pili, na ya mia. Wafanyakazi walipiga makofi. Meneja aliinua moja, akaibinyabinya mbele ya watu wote.

"Mnaona? Ndiyo maana nilisema tulete mtu wa nje!"

Wakampa nyumba ya wataalamu, lakini yeye alimwomba dereva amfikishe mtaa wa nyuma kwanza. Dereva alishangaa kuona mgeni anamwelekeza vichochoro. Dukani mwenye duka alimpungia mkono. Ng'ambo alishuka na pakiti moja kavu kwapani. Alitaka binti aipindue mwenyewe, aone.

Dada alimkumbatia mlangoni, akarudi kwenye cherehani akijifuta macho. Binti alikuwa amerefuka. Aliipokea pakiti kwa mikono miwili, akaipindua kama alivyoambiwa, akaishika kichwa chini kwa muda mrefu. Haikudondosha kitu.

"Umeitengeneza," alisema.

"Nimeitengeneza. Sasa nina kazi hapa. Ni dakika kumi kwa miguu."

"Mpaka lini?"

Alitamani kumdanganya. "Mkataba ni miezi sita. Halafu inabidi nirudi kule wausaini upya. Lakini safari hiyo itakuwa fupi."

Binti aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua. Aliweka pakiti mezani, akaenda chumbani, na magurudumu yakasikika sakafuni. Sanduku lilikuwa tupu. Alikuwa amelipangusa ndani na nje, na madaftari, sare na mdoli vyote vilikuwa vimepangwa kabatini.

"Zipu ilikuwa inakwama," alimwambia baba yake. "Nimeipaka mshumaa. Sasa inafunga vizuri."