Nane au Kumi na Tatu

Yadi ya magari ilikuwa nyuma ya duka la saruji, na vumbi la saruji lilikuwa limezipaka pikapu zote rangi moja, hata dalali akitaka kuonyesha kwamba hii ni nyekundu na ile ni buluu ilimbidi kwanza apitishe kitambaa. Zilikuwa tatu, zimepangwa kwa umri kama watoto wa shule mstarini: ya mwaka elfu mbili na nane, ya kumi na tatu, na ya kumi na nane. Kampuni moja, aina moja, zote kubwa, zenye bodi ndefu ya kulaza kochi la watu watatu bila kulifungua miguu. Dalali aliziita Nane, Kumi na Tatu na Kumi na Nane, basi nasi tuziite hivyohivyo.

"Mwaka si tatizo, mzee," dalali alisema huku akifuta. "Hata wewe una mwaka wako na bado unatembea."

Mzee mwenyewe hakucheka. Watu wote walimwita Dereva. Mkewe walimwita Fundi, kwa kuwa ndiye aliyetengeneza makochi kwenye karakana yao ya nyuma ya nyumba, kuanzia mbao hadi kitambaa. Fundi anatengeneza, Dereva anapeleka: ndivyo wateja walivyosema, na ndivyo walivyosomesha watoto mpaka watoto wakaondoka na maisha yao. Mzee alipenda kuitwa Dereva kuliko jina alilopewa na wazazi wake.

Siri yake niitoe mapema, maana sioni faida ya kuificha kama alivyoificha yeye. Dereva alikuwa anapofuka. Daktari alimwambia ni presha ya macho: jicho la kushoto limekwisha, la kulia linaona katikati tu, na pembeni kote panaendelea kufunga. Kilichopotea hakirudi. Akampa matone ya kuchelewesha kilichobaki. Dereva akaitikia ndiyo daktari, akatia chupa mfukoni, na wakati wa kutoka akagonga bega kwenye fremu ya mlango. Nyumbani alipoulizwa alisema wamemshauri apunguze kusoma. Mtu ambaye hajafungua gazeti tangu aoe!

Haikuchukua muda, pikapu yao ya zamani ikaingia mtaroni mchana kweupe na kochi la mteja mgongoni. Breki zimekataa, alisema. Alimwambia kila aliyeuliza, na wasiouliza pia akawaambia. Ikauzwa kama chuma chakavu, na tangu hapo makochi yalipelekwa kwa gari la kukodi, ambalo lilikula faida yote likawaachia uchovu. Bila pikapu, karakana ingefungwa. Na yeye bila usukani asingekuwa Dereva tena. Angekuwa mume wa Fundi tu, mzee wa kukalia makochi ambayo hayajanunuliwa. Jambo hilo lilimtisha kuliko giza lenyewe.

Kwa hiyo alikuwa ameshachagua. Alitaka Nane, na sababu yake hakuweza kumwambia mtu.

Aliingia ndani ya Nane akafunga mlango. Mkono wake ukaanza kutembea wenyewe: hapa taa, hapa feni, hapa wepa za kufuta kioo. Vitufe vilikuwa vikubwa, kila kimoja na umbo lake, na gia ilikaa palepale alipoitarajia. Ndani ya gari hili asingelazimika kuangusha jicho chini hata mara moja. Kile kitobo kidogo cha kuonea alichobakiwa nacho kingekaa barabarani muda wote. Akavuta pumzi kama mtu aliyerudi kwake baada ya kulala ugenini.

"Shemeji, shuka humo," alisema mdogo wa mkewe, ambaye alikuwa makanika na ndiye aliyewaleta. "Nane usiiguse. Giaboksi za mwaka huo ni ugonjwa. Chukua Kumi na Tatu, kasoro zote walishazirekebisha. Kumi na Nane nayo ni kompyuta tupu, ikikuwakia taa moja unatafuta mtaalamu wiki nzima."

"Giaboksi inategemea mkono wa dereva," alisema Dereva.

"Mkono gani, shemeji? Chuma kikiisha kimeisha."

Alishuka akajaribu Kumi na Tatu ili asionekane mkaidi. Mkono ukatambaa kwenye dashibodi ukakutana na kioo laini, hakina mwanzo wala mwisho. Akabonyeza mahali, redio ikalia. Akabonyeza pengine, ikalia zaidi. Jasho likamtoka.

"Hii televisheni, si gari," alisema. "Mimi sinunui televisheni."

"Lakini imetulia, mzee wangu," dalali alidakia. "Hii ukiipanda, majirani hawalali!"

Wakati huo Fundi alikuwa kwenye mlango wa Nane, ameinama, anatazama ndani. Dereva alidhani anakagua vitambaa vya viti, maana hata msibani yule mwanamke alikuwa akipapasa mishono ya makochi ya watu. Kumbe alikuwa anatazama sakafuni, pale miguu inapokaa.

"Hii ina klachi," alisema Fundi.

"Sasa gari la gia likose klachi?"

"Kumi na Tatu haina, inajibadilishia gia yenyewe."

"Na wewe klachi inakuhusu nini, mama?"

Makanika akageuka ghafla akaanza kuangalia mifuko ya saruji, kana kwamba ana nyumba ya kujenga. Fundi akamwomba dalali awaachie nafasi kidogo. Dalali akaondoka shingo upande, kitambaa begani. Fundi akafungua mkoba wake, akatoa kadi ndogo, akampa mumewe.

Dereva aliisogeza karibu. Aliona picha, paji la uso la mkewe. Akaisogeza, akaona kidevu. Akaisogeza tena, polepole, mpaka maneno yakaingia kwenye kitobo moja baada ya jingine. Ilikuwa leseni ya udereva. Alirudia kuisoma, si kwa kutoelewa.

"Ulijifunza lini?"

"Siku nilizokuwa naenda kununua sponji."

"Sponji zote zile?"

"Sponji wanaleta wenyewe ukiwapigia simu, baba. Wanaleta tangu siku nyingi."

Alimgeukia shemeji yake. Ilibidi amtafute kwanza kwa kuzungusha kichwa, na wote wawili wakamwona anavyotafuta.

"Breki za pikapu ya zamani nilizikagua mimi, shemeji," alisema makanika kwa sauti ya chini. "Zilikuwa nzima. Nikamwambia dada."

"Kwa hiyo mmekula njama."

"Njama ipi?" Fundi alisema. "Unaweka kikombe pembeni ya meza, nafuta chai, nanyamaza. Juzi umesalimia koti lililotundikwa ukutani, ukaliuliza habari za nyumbani, nikanyamaza. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe. Nimekungoja mpaka nimepata leseni."

Hasira ilimpanda Dereva, ikakosa mahali pa kushukia, ikarudi. Alichobaki nacho ni aibu, na kwa mtu wa umri wake aibu ni kitu kizito kukibeba mbele ya shemeji.

Fundi akamshika mkono. Viganja vyake vilikuwa na ugumu wa kuvuta kamba za viti, na gundi kavu haikukosekana kwenye kucha.

"Sikiliza. Mimi nina leseni ila sina barabara. Wewe barabara zote unazo kichwani. Mimi nitashika usukani, wewe utakaa pembeni yangu uniangalizie na kunielekeza. Asubuhi nashona, jioni tunapeleka. Hatuajiri mtu. Tutaweza. Niambie tu ukweli, unaona kiasi gani?"

Ulikuwa mlango, umefunguliwa wazi. Angeweza kupita. Lakini alikuwa ameshapoteza usukani sasa hivi tu, mbele ya yadi nzima, na hakuwa tayari kupoteza na kiti cha pembeni kwa mkupuo mmoja.

"Naona," alisema. "Usiku ndipo jicho linaponisumbua. Mchana naona vizuri tu."

"Kweli?"

"Kwani nakudanganya?"

Basi wakanunua Kumi na Tatu. Dalali aliwapongeza kana kwamba wamefunga ndoa upya. Makanika akabaki ofisini kumalizia karatasi, na mume na mke wakaondoka na gari lao. Dereva alikwenda moja kwa moja mlango wa upande wa usukani, kwa mazoea, akaufungua, akamkuta mkewe ameshakaa. Akaufunga taratibu. Akazunguka gari kwa kushika bodi, vumbi la saruji likamjaa kiganjani, akaingia upande wa pili.

Mwanzo haukuwa mbaya. Fundi aliendesha ameinamia mbele, pua inakaribia kioo, vidole vimekauka.

"Usiunyonge huo usukani, haujakukosea," Dereva alimwambia.

Akalegeza. Masikio ya Dereva yalifanya kazi yote: alisikia gia zinavyojibadilisha zenyewe, laini, kama mtu anayejigeuza usingizini, na kimoyomoyo akakiri kwamba shemeji alikuwa sahihi. Mtaa ule alikuwa ameupita maisha yake yote.

"Punguza," alisema. "Tuta hilo mbele."

Tuta likawapokea palepale alipolitaja. Fundi akacheka kwa sauti, kicheko ambacho Dereva hakuwa amekisikia tangu pikapu ya zamani iingie mtaroni.

"Si unaona!" alisema Fundi. "Si unaona tunaweza!"

Dereva akakaa vizuri kwenye kiti. Kwa umbali wa maduka kama matano hivi aliamini kabisa. Alijiona kwenye kiti kile miaka inayokuja, akitaja matuta na kona, watu wakisema Fundi anaendesha lakini Dereva ndiye dereva. Akamwambia akate kona kwenye kituo cha mafuta, wapite njia ya mkato, halafu waingie barabara kuu.

Walipofika njia panda Fundi akasimamisha gari. Upande wake aliuona. Upande wa pili, kichwa cha mumewe na nguzo ya mlango vilimzibia.

"Kwako kuko wazi?"

Dereva akageuza kichwa. Aliona kipande cha ukuta wa njano. Akasogeza jicho, akaona nusu ya mwavuli. Akasogeza, akaona tairi lililoegemezwa dukani, kisha lami tupu, kisha mguu wa mtu anayetembea kwa amani. Kila kipande alichokiona kilikuwa wazi. Vipande vingine hakujua viko wapi, wala vina nini, na mkewe alikuwa anangoja.

"Nenda," alisema.

Fundi akaenda. Pikipiki ilitokea mahali ambapo kwa Dereva hapakuwa na kitu chochote, ikapiga honi mara moja, ikapinda, ikang'oa kioo cha pembeni cha upande wa Dereva, ikayumba na kusimama mbele, mguu wa mwendeshaji wake ukiburuzika chini. Fundi alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Gari likakwama katikati ya barabara.

"Mama, huyo mzee pembeni yako amelala?" yule wa pikipiki alipiga kelele. Akajipapasa goti, akaona ni zima, akatukana kidogo zaidi akaondoka.

Honi zikaanza nyuma. Fundi akamgeukia mumewe.

"Hukuiona?"

Dereva alikuwa bado anazungusha kichwa.

"Imekuja moja kwa moja, baba. Mwenyewe amevaa nguo nyekundu. Hukuiona?"

"Nilitazama."

"Sikukuuliza kama ulitazama."

Dereva alisikia pumzi ya mkewe ikibadilika. Mwanzoni ilikuwa ya hofu, kisha ikawa ya mtu anayepiga hesabu ya mambo mengi kwa pamoja: karakana, makochi yaliyopangwa mpaka mlangoni, gari hili walilokwisha kulilipia, jioni zote alizokuwa amezipanga kwenye kichwa chake. Honi ziliongezeka. Mtu fulani alipiga teke ubavu wa bodi akiwaambia waondoe takataka yao njiani.

Ilikuwa lazima watoke pale, na kioo cha upande ule kilikuwa kimelala kwenye lami.

"Kwako?" Fundi aliuliza tena. Labda aliuliza kwa mazoea mapya, labda ni kwa vile hakukuwa na mwingine wa kumuuliza.

Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, umezoea njia. Dereva akaumeza.

"Sioni," alisema.

"Nini?"

"Sioni, mama. Huku kote sioni. Na kwako sioni. Naona hivi tu." Akainua kidole gumba na cha shahada, akaviunganisha, akauacha mduara mdogo hewani kati yao.

Fundi akafungua mkanda, akainuka kwenye kiti, akajinyoosha kupita juu ya mapaja ya mumewe, kiwiko kimoja kimemkandamiza goti, shingo imetoka dirishani, ili aangalie mwenyewe. Alinukia gundi na sponji. Dereva akabana tumbo, akajisukuma nyuma kabisa kwenye kiti, akageuza uso pembeni ili asimzibie.